Babu wa Kabatini

Kichapo alikuwa anakipiga kitanda cha bibi harusi kwa mnyororo wa baiskeli. Alianza na mbao za kichwani, mahali ambapo watu hugonga vichwa, kisha akahamia miguuni, mahali ambapo watu hugonga vidole. Kitanda kilikuwa kipya kabisa na gundi yake ilikuwa bado inanuka. Kufikia saa ya chai kilitakiwa kiwe na umri wa miaka mia na ushee, maana mwenyewe alikuwa njiani kuja kukichukua.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Karakana ya baba mkwe wake, Mzee Randa, ilitengeneza samani za kizamani kwa watu wa kisasa: makabati yenye nguzo na taji, meza za miguu ya simba, makochi yaliyotiwa nakshi hata chini ya makalio ambako hakuna mtu mwenye adabu angechungulia. Mzee Randa alikata na kuunga. Binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Patasi, alichora na kuchonga. Kichapo, mume wa Patasi, alipiga. Haikuwapo familia nyingine pale mtaani ambamo mke anahangaika na kitu wiki nzima, mume anakiharibu asubuhi moja, na baba mkwe anasema ahsante mwanangu.

Vifaa vyake vilitundikwa ukutani kwa heshima zote: minyororo, mfuko wa kokoto, kishada cha funguo zisizofungua chochote, na soksi iliyojaa misumari. Chini yake kulikuwa na kopo la masizi, kopo la nta, na birika la chai kavu ya kupakia mbao rangi, ambayo haikuruhusiwa kunywewa na ambayo kila mgeni aliinywa.

Lakini kupiga si kupiga tu. Mzee Randa alikuwa na sheria moja, na aliirudia kama mwalimu wa zamu: kila alama iwe na sababu. Ukipiga ovyo, alisema, mbao itaonekana imepigwa, haitaonekana imeishi. Kwa hiyo kabla ya kila pigo Kichapo alitakiwa aseme, kwa sauti ya kusikika, ni nini kilichotokea mahali pale.

"Hapa mjomba aliangusha taa," alisema. Pu!

"Hapa paka alinoa kucha ujana wake wote." Kwaru, kwaru.

"Hapa mama mwenye nyumba aliweka kikombe akimsubiri mume asiyejua njia ya kwao." Akabandika kitako cha kikombe cha moto mpaka duara likatokea.

Samani zilizopita mikononi mwake zilikuwa na sababu nyingi kuliko mwanafunzi aliyechelewa kurudi shuleni, na tofauti ni kwamba zake ziliaminiwa.

Kabla ya mwenye kitanda, alifika Mkandarasi, amevaa viatu vinavyolia kila hatua. Alikuwa mtu wa madaraja. Alikuwa amejenga madaraja mengi, na mito ilikuwa imeyakataa karibu yote, lakini yeye mwenyewe alizidi kunawiri.

"Nataka kabati la babu yangu," alisema.

"Lina kasoro gani?" aliuliza Mzee Randa. "Lilete tulikarabati."

"Halipo."

"Lilipotea?"

"Halijawahi kuwapo, mzee. Ndiyo maana nimekuja kwenu."

Akaeleza. Mwanawe alikuwa anaposa katika nyumba ya watu wenye mababu. Picha zao zilikuwa zimetanda kuta zote mpaka chooni, kiasi kwamba mgeni hakuweza kujisaidia bila kukodolewa macho na marehemu watatu. Sasa wakwe hao walikuwa wanakuja kuitazama nyumba ya Mkandarasi, na sebuleni kwake hakukuwa na chochote kilichoizidi televisheni umri. Babu yake wa kweli alikuwa mpagazi, aliyepitisha maisha yake akibeba makabati ya watu wengine kichwani. Jambo hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitamka.

"Babu yangu alikuwa mtu mkubwa," alisema Mkandarasi.

"Mkubwa kiasi gani?" Patasi aliuliza, penseli mkononi.

Mkandarasi akatazama dari. "Kiasi cha milango miwili."

"Droo?"

"Nyingi. Mtu mkubwa ana mengi ya kuficha."

"Miguu?"

"Ya simba."

"Simba wa kucha ndani au kucha nje?"

"Nje, mama. Nje kabisa." Kisha akamgeukia Kichapo. "Na wewe, kijana wa minyororo, nataka na mimi niwemo. Weka alama yangu nikiwa mdogo. Nilikuwa mtundu."

Kichapo akampa donge la nta aling'ate ili apate kipimo cha meno. Mkandarasi aling'ata kwa bidii. Alikuwa na mwanya mpana, na mwanya ukatoka vizuri.

Kabati lilitengenezwa kwa mvule. Milango ilitiwa njumu, vipande vya mfupa vilivyopachikwa kwenye mbao, na taji lake liligusa boriti. Makucha ya simba aliyoyachonga Patasi yalikuwa na mkao wa kunyatia kitu, hata Mzee Randa alipofagia alifagia kwa mbali. Lilipokauka, Kichapo alishusha minyororo ukutani na kuanza.

Kufikia mchana sababu zilikuwa zinamwishia. Kabati lile lilimaliza sababu kama bweni linavyomaliza mkate. Alikuwa ameshatumia mjomba na taa, paka wawili, mafuriko madogo, na mtoto mtundu mwenye mwanya aliyeng'ata droo ya juu. Ubavu wa kulia ulikuwa bado mtupu.

"Mtu mkubwa kiasi hiki," alimwambia Patasi, "hakuupata ukubwa kwa kuuza nyanya." Aliukumbuka ule mdomo uliomwita kijana wa minyororo, na utani ukamwingia. Akasema kwa sauti, kama sheria ilivyotaka: "Hapa palikuwa na msumari. Kwenye msumari kilining'inia kiboko. Kilitunguliwa kila siku, kikarudishwa kila siku." Akapiga, akakwaruza, mpaka kivuli cha kitu chembamba na kirefu kikatokea ubavuni mwa kabati.

Patasi akacheka. "Na huyo aliyechapwa, alifungwa wapi?"

"Kwenye mguu."

"Mguu upi?"

"Wa mbele, wa kushoto. Yule simba ana sura ya kusikiliza."

"Basi fanya kazi yako vizuri. Alama ya kamba bila kipimo cha mkono ni uongo mtupu. Baba atakuona."

"Lete mkono, basi."

Akamfunga mkewe kifundo cha mkono kwenye mguu wa kabati kwa kamba ya katani, akamwambia avute. Patasi akavuta huku na huku, kamba ikasaga vanishi, ikaingia kwenye mbao.

"Unaniumiza, we!"

"Sanaa hiyo, mke wangu."

"Sanaa ingetumia kamba laini."

"Kamba laini haiachi historia."

Walicheka mpaka Mzee Randa akakohoa upande wa pili wa ukuta, kukumbusha kwamba kuna wakwe humu ndani. Kichapo akajikaza, akakamilisha kwa sauti nzito kama ya mtu anayesoma matangazo: "Hapa alifungwa mtu, akavuta, na hakutoka."

Kisha akapaka nta.

Asubuhi yake Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Mzee Randa, mbele ya kabati, akisubiri maji ya kunyolea. Milango yote miwili ilikuwa wazi nyuma yake. Alikuwa amejaa, mwenye koti la vifungo vingi, na begani alikuwa na nta kidogo ambayo haijakauka. Mzee Randa akamwamkia shikamoo, kwa kuwa ingawa alikuwa amekamilika jana alasiri, bila shaka alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mingi.

"Marahaba," alisema Babu, akainuka na kutungua kiboko kwenye msumari. Jana yake msumari haukuwapo.

Alimchapa Mzee Randa kwa kosa la kusimama mbele yake, na Mzee Randa alipoketi, akamchapa kwa kosa la kuketi. Alichapa bila hasira, kwa mkono wa mtu anayepunga nzi, na kila kiboko kiliposhuka kilichukua kitu: kwanza vumbi la mbao, kisha shati, kisha ngozi. Mzee Randa alisema samahani bwana kwa kila pigo, mpaka pumzi ya kusema samahani ikamwisha akawa anaitikia kwa kichwa. Muuza misumari wa ng'ambo ya barabara alikuja, akasimama mlangoni, akauliza kama leo watafungua. Aliambiwa arudi baadaye.

Kichapo alikimbia kushika kiboko. Kikamwahi usoni, kikapasua nyusi mpaka mfupa ukachungulia, na cha pili kikamng'oa jino. Akaanguka juu ya kopo la masizi.

"Wa mguu yuko wapi?" aliuliza Babu.

Patasi alikuwa uani anachemsha gundi. Babu akamleta kwa nywele, akakishika kifundo cha mkono wake na kukipeleka kwenye mguu wa kushoto, pale kwenye alama. Kiliingia kama pini kwenye bawaba.

"Huyo ni mke wangu," alisema Kichapo, akitema damu.

"Alikuwa wangu kabla hujazaliwa," alisema Babu. Kwa kufuata mbao zilivyosema, hilo lilikuwa kweli.

Mkandarasi alikuja na lori kuchukua mzigo wake. Babu akamwuliza yeye ni nani katika nyumba ya watu.

"Mimi ni mjukuu wako, babu. Shikamoo."

Babu alichomoa droo ya juu, akaiweka mbele yake. Mkandarasi akapiga magoti kwenye vumbi na kuing'ata, na mwanya ukakaa mahali pake barabara. Hapo wakakumbatiana, na Babu akalia, na Mkandarasi akalia zaidi. Ilikuwa ni kuonana kwa kugusa moyo sana, na hata Mzee Randa, aliyelala kifudifudi kwa sababu ya mgongo, alisema hongereni.

Wapakiaji walilibeba kabati. Patasi alitembea kando yake, kwa kuwa kamba ilikuwa imeshakuwapo mkononi mwake bila mtu kukumbuka nani ameifunga.

"Huyo hatukumuuza," alisema Kichapo, ameshika ubao wa nyuma wa lori.

"Amekuja na mguu," alisema Mkandarasi kwa upole. "Ulitaka nichukue kabati lisilo na mguu?"

Mmoja wa wapakiaji akamkanyaga vidole mpaka akaachia. Hakumkanyaga kwa ubaya. Lori lilikuwa linaondoka.

Kichapo alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alikuwa mtu wa haki, alikuja mwenyewe mpaka nyumbani kwa Mkandarasi na rula yake mfukoni. Alipima alama, akapima mkono wa Patasi, akapima tena, kwa kuwa alipenda kupima.

"Inalingana," alisema. "Alama hii nani aliipiga?"

"Mimi," alisema Kichapo.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa utani tu, mwenyekiti."

"Utani siuoni kwenye mbao. Ninachoona ni kwamba mtu alifungwa, akavuta, na hakutoka."

Mwenyekiti alibakizwa kwa chakula cha mchana. Babu alimchapa viboko vichache kabla ya kunawa, naye hakulalamika, kwa sababu mezani pale walikuwapo watu wa maana kumzidi na wote walikuwa wamechapwa. Wakwe watarajiwa ndio waliofurahi zaidi. Walisema sasa wamejua wameingia kwenye nyumba ya watu. Babu yao wenyewe alikuwa hivyo hivyo, ila mkono wake ulikuwa unakosa shabaha.

Baada ya hapo Kichapo alirudi na begi la vifaa, akisema kabati jipya la zamani lazima lipakwe nta mara kwa mara. Hakuna aliyemzuia. Patasi alikuwa ameketi sakafuni kando ya simba wake, anasugua vijiko vya watu kwa mkono ulio huru. Shavu lilikuwa limepasuka na kushonwa vibaya, na kucha mbili zilikuwa hazipo.

"Umekonda," alisema Kichapo.

"Na wewe una pengo. Tumependeza." Akamtazama. "Baba?"

"Analala kwa tumbo. Anakusalimu."

"Mwambie asije. Yule akimwona tena atamaliza mgongo wa mbele." Akasogeza mkono ili apate nafasi. "Haya, fundi. Futa ulichokiandika."

Kwanza alijaribu nta na vumbi la mbao, kama wanavyoziba matundu. Nta ikatoka yenyewe. Akachukua randa ndogo ya baba mkwe, akaukaza mkono, akapitisha juu ya alama mara moja tu. Unyoya wa mbao ukatoka mwembamba, mrefu, umejikunja vizuri, ule ambao Mzee Randa huuonyesha wageni. Ngozi ya kifundo cha Patasi ikatoka vilevile, nyembamba, imejikunja vizuri, ikaanguka karibu na ule wa mbao. Patasi aling'ata kola ya gauni lake mpaka uzi ukakatika.

"Acha," alisema alipoweza kusema. "Acha, Kichapo. Unanimenya."

Akaweka randa chini. Damu ilifuata mchongo wa makucha ya simba, ikajaza kila mfereji, na nakshi ikaonekana vizuri zaidi kuliko siku yoyote. Alama ilikuwa palepale.

Njiani kurudi Kichapo alifikiri kama fundi. Kilicho kizee hakifanywi kipya, hilo alilijua tangu zamani. Lakini kizee kinaweza kuzeeshwa zaidi. Kabati halikatai kuongezewa sababu.

Alichagua siku ya posa, nyumba ilipojaa wageni na kelele. Kwenye begi lake, chini ya makopo ya nta, kulikuwa na shoka. Babu alikuwa chumba cha kulia, ameketi mbele kabisa, kiboko kwenye mapaja, anasimulia jinsi alivyokuwa anavunja watu magoti. Wageni walitikisa vichwa kwa masikitiko ya kupoteza enzi nzuri kama zile.

Sebuleni Kichapo alipanda kwenye kiti.

"Hapa watu wa nyumba waliamka," alisema kwa sauti ya kusikika, akalipiga taji. Vipande vya nakshi ya mkewe viliruka.

"Kichapo," alisema Patasi kutoka chini, "subiri kwanza. Hebu tufikiri."

"Hapa walichoka." Pigo la pili lilipasua mlango mpaka kwenye njumu.

"Kichapo!"

"Hapa walimpiga bwana shoka la kichwa, akafa." Akashusha shoka kwa nguvu zote, likazama kwenye mvule mpaka kwenye mpini.

Chumba cha pili Babu alikuwa amefungua mdomo kuweka tonge. Kichwa chake kilipasuka kutoka kwenye nywele mpaka kwenye masharubu. Ubongo ulimwagikia kwenye bakuli la mchuzi na damu ikatembea kwenye kitambaa cha meza kuelekea kwa wakwe, nao wakainua sahani zao ili isilowe chakula. Babu aliuliza ni nani ameacha mlango wazi. Kisha akalala juu ya sahani yake.

Kichapo alishuka kwenye kiti, akachomoa shoka na kukata kamba ya mkononi mwa Patasi. Chini ya kamba palikuwa na kamba. Akaikata nayo. Chini yake palikuwa na nyingine.

Mkandarasi akaingia akijifuta vidole kwa leso. Alilitazama kabati kwa muda mrefu, akapapasa ule mpasuko wa kwenye taji, na macho yake yakalowa.

"Kumbe waliua," alisema. "Watu wake mwenyewe, aliowalisha. Mbona hamkuniambia mapema? Wakwe zangu hawana hata mmoja aliyeuawa. Wote walikufa kwa kuvimbiwa." Kisha akavuta pumzi, akanyoosha koti lake, akatungua kiboko, ambacho kilikuwa kimesharudi kwenye msumari wake. "Basi vyote alivyoacha ni vyangu. Na huyu wa mguu pia."

Alimjaribu Patasi kwa kiboko kimoja mgongoni. Mkono wake ulikuwa mzito kuliko wa marehemu, kwa kuwa yeye alikuwa hai.

Kichapo aliinua shoka, lakini bwana harusi mtarajiwa na wajomba zake walikuwa wameshafika. Walimlaza chini, wakamvunja mbavu kwa visigino, taratibu, wakipokezana kwa adabu kufuata umri. Akiwa chini aliweza kuona uso wa Patasi, kwa sababu na yeye alikuwa chini.

"Nilikuambia subiri," alisema Patasi. "Wewe unajua kupiga tu, hujui kuchonga. Mwenye mali akifa, mali haifi."

Wakamtupa nje. Walimrudishia shoka lake na begi lake, maana hawakuwa wezi.

Babu alizikwa kwa heshima kubwa. Posa ikakubaliwa palepale makaburini.

Mbavu zilipoanza kuunga, Mkandarasi alikuja karakana na viatu vyake vinavyolia. Alitaka seti ya viti, vya mtindo uleule wa kabati, kwa ajili ya hafla ya kumkumbuka marehemu. Nakshi angechonga Patasi hukohuko alikofungwa. Alikuwa ameshanunuliwa patasi mpya na mkono mmoja ulimtosha. Mzee Randa alimsikiliza akiwa amesimama, kwa kuwa bado hakuweza kukaa wala kuegemea. Kiboko kilikuwa kwenye kwapa la mteja.

"Tutatengeneza," alisema Mzee Randa.

Viti vilikuja kutoka kwa Patasi vikiwa vizuri kupita vyote alivyowahi kuchonga. Mzee Randa alivipanga mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka kwenye dirisha la uani, akamtazama mkwewe.

"Piga, mwanangu. Lakini angalia unachosema."

Kichapo alishusha mnyororo. Alikuwa ameshaamua kwamba hatasema chochote. Alama isiyo na sababu haina mtu. Mbao itaonekana imepigwa, basi, na hakuna atakayetoka humo. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, akavunja sheria ya baba mkwe wake. Alipiga akiwa amefunga mdomo. Alipiga migongo ya viti, akapiga mikono yake, akapiga magoti yake. Alipiga mahali ambapo hakuna taa ingeweza kuanguka na hakuna paka angeweza kufika. Alipiga mpaka mbavu zikaachia tena na mnyororo ukawa unateleza kwa damu ya viganja vyake, na hakusimama mpaka kiti cha mwisho. Mzee Randa aliangalia pembeni. Ilikuwa kazi mbovu kuliko zote zilizowahi kufanyika katika karakana ile.

Mkandarasi alikuja kukagua. Alipita mstari wote, akiinama, akipapasa. Alipofika mwisho akanyooka.

"Lile kabati ni zuri," alisema. "Lakini hivi ndivyo hasa. Hivi ni vya kweli."

"Havina sababu," alisema Kichapo. "Nimepiga tu."

"Ndiyo maana," alisema Mkandarasi. "Unafikiri enzi zile watu walikuwa wanapigwa kwa sababu?"

Akasema lori lingekuja kesho.

Kesho yake viti vyote vilikuwa na watu. Walikuwa wanaume wenye makoti ya vifungo vingi, hawakufanana sura lakini walikuwa na ukaaji mmoja, magoti yamepanuliwa na viboko vimelazwa juu yake. Walikuwa wanasubiri maji ya kunyolea. Mzee Randa alianza kuamkia mlangoni, shikamoo bwana, shikamoo bwana, akaendelea mpaka dirishani. Marahaba zilipokwisha, mmoja wao akakohoa.

"Wa mguu wako wapi?" aliuliza.

Mzee Randa alitazama viti. Vilikuwa vingi, na kila kiti kilikuwa na miguu minne. Kisha akatazama nje. Ng'ambo ya barabara muuza misumari alikuwa anafungua duka. Fundi cherehani alikuwa anatoa meza yake barazani, na wapakiaji walikuwa wanaegesha lori wakigombana kuhusu mpira.

"Mwanangu," alisema, "kalete kamba."

Kichapo alikwenda stoo. Kulikuwa na mafungu mawili yaliyotundikwa kwenye kigingi kimoja, la katani na la pamba. Alisimama akayapima mikononi, moja baada ya jingine, akayazungusha kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe na kuvuta. Akarudisha la katani kwenye kigingi. Akachukua lile laini, akatoka nalo mpaka barabarani.